Kitete cha Baba na Chokoleti Iliyoyeyuka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutema. Niliketi mezani kwa mwanamke aliyengoja miezi saba mvinyo wake utulie, nikauzungusha mdomoni kama nilivyoona kwenye video, nikautema ndani ya kikombe cha chai mbele ya macho yake, kisha nikaandika kwenye daftari: kumi na moja kwa ishirini. Wasomaji wangu, mmeniuliza safari ya Kitui ilikuwaje, na wawili wenu mmeniuliza kwa nini nilirudi nimenyamaza. Nitawaambia yote, pamoja na yale yanayonitia aibu.

Mbumbuni

Kwa wale ambao hawajafika kwetu: ninaishi na mama yangu hapa Mbumbuni, na kazi yangu ni kutengeneza chokoleti. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuunguza. Nayeyusha kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji moto, namimina kwenye vibati, na kipande kikiganda na doa moja tu jeupe, nakirudisha motoni. Mama husema nilizaliwa mkaguzi. Hasemi hivyo kwa kunisifu, lakini mimi hufurahi.

Hiyo ni sehemu aliyoijua. Sehemu nyingine ilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu: chupa za mvinyo wa kwetu. Wa maembe, wa asali, wa papai, na mmoja wa rosela, yale maua mekundu, uliochacha kabla sijaufungua. Mama anaongoza kwaya katika kanisa ambalo pombe haitajwi hata kwa mzaha. Kila Alhamisi akienda mazoezi, nilifungua sanduku na kuonja. Chokoleti kwanza, ikae juu ya ulimi mpaka ianze kuyeyuka, ndipo mvinyo ufuate. Chokoleti ikiwa tamu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka siki mdomoni. Jambo hilo moja lilinichukua mwaka mzima kulielewa, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumuuliza. Kisha niliandika alama, nikasukutua mdomo mara tatu, nikatafuna jani la mwarobaini, nikamngoja mama nikiwa na uso wa mtu aliyekuwa akisoma.

Nilikuwa natafuta ladha moja tu.

Baba alikuwa fundi wa pampu za maji. Wiki nzima alikuwa upande wa Mutomo, kule Kitui, akilala kwa dada yake, shangazi Kalondu. Kila Jumamosi alasiri alirudi nyumbani na vitu viwili: chokoleti aliyonunua kwenye mji wa Kambu, na kitete, yaani kibuyu kidogo cha shingo ndefu, ambacho shangazi alimjazia. Aliketi kwenye ngazi ya nyuma, akavua viatu, akanivunjia kipande cha chokoleti. Kisha aliinamisha kitete nichovye kidole kimoja. Kulikuwa na uchachu, kulikuwa na asali, na nyuma kabisa moshi kidogo, halafu vyote vikajichanganya na uchungu wa chokoleti. Nilikuwa na miaka sita au saba. Sijaonja kitu kizuri kama hicho tena.

Shangazi anajulikana Mutomo nzima kwa uki wake, ile pombe yetu ya asali. Na baba alikuwa amemwahidi mama, kabla ya harusi, kwamba ameacha kunywa. Kwa hivyo nilijua ninachochovya, na nilijua nisiseme. Hakuna aliyeniambia ninyamaze, nilijiambia mwenyewe. Mama naye alijua. Siku moja nilimwona akichukua kile kitete jikoni, akakinusa, akakirudisha haraka pale pale. Hakuuliza. Baba hakusema.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Shangazi alikuja mazishini na kitete mkononi, na mama akamzuia langoni.

"Hicho hakiingii hapa, Kalondu."

Shangazi hakubishana. Alisimama nje ya ua mpaka tukamaliza kuzika, akaenda zake. Hawajaongea tangu siku hiyo. Na kwa kuwa ukuta wetu ni mwembamba, nasikia mama akimuuliza Mungu kila asubuhi kama mume wake alikufa akimdanganya.

Mimi sikuwa na swali hilo. Nilikuwa na hamu tu. Nilitaka ile ladha kabla shangazi hajazeeka kabisa, na nilitaka kuitengenezea chokoleti inayoistahili. Nilimwambia mama naenda kutafuta asali ya kutia kwenye chokoleti. Ilikuwa nusu ya ukweli. Nilipakia vipande thelathini na sita kwenye boksi la barafu, vya aina tatu, kila aina kwenye karatasi yake, nikaondoka.

Wote

Mwanamke ambaye nilitema mvinyo wake ni Mwalimu Ndinda, wa mji wa Wote. Alifundisha kemia mpaka akastaafu, na sasa anatengeneza mvinyo wa maembe katika chumba kilichokuwa cha watoto wake. Nilikuwa nimemwandikia mapema, akakubali nipite niuonje nikiwa njiani.

Alinipikia kwanza. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, uliokaangwa na kitunguu, na kunde pembeni, na alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akaleta chupa, akamimina glasi mbili, akakaa. Ndipo nikafanya nililofanya.

Alikitazama kikombe. Akanitazama mimi.

"Umeona mdudu?"

"Hapana, Mwalimu. Ndivyo wanavyoonja wataalamu. Ukimeza, ulimi unachoka."

"Umeonja mingapi leo?"

"Huu wa kwanza."

"Na ulimi umechoka?"

Alinyoosha mkono akachukua daftari langu bila kuomba, kama vile walimu wanavyochukua vitu, akavaa miwani.

"Kumi na moja kwa ishirini. Haya. Mimi nimesahihisha karatasi miaka thelathini, kijana. Alama bila sababu ni matusi. Nipe sababu."

"Harufu ni nzuri," nilisema. "Rangi safi. Haujachacha. Ni vile tu... hauna moshi."

"Moshi? Kwa embe?"

Nikajikuta nikimwambia. Sijui kwa nini. Nilimwambia habari za ngazi ya nyuma, kidole na kitete, na kwamba kila mvinyo nilioonja kwa miaka minne nilikuwa naupima kwa huo.

Alivua miwani, akacheka mpaka akashika meza.

"Kwa hivyo embe yangu imeanguka mtihani wa somo ambalo haikufundishwa! Ai, Kioko. Hiyo ni haki kweli?"

Akanimiminia tena. Akaniambia nikitaka kutema nikateme kwangu. Tukaanza upya, na safari hii yeye ndiye aliyeendesha somo. Chokoleti yangu ya maziwa iliufanya mvinyo wake uwe kama maji ya ndimu, akakunja uso wazi bila kunihurumia. Ile nyeusi kabisa iliufunika, ukapotea. Ya tatu nilikuwa nimeitia chembe za chumvi, na nilikuwa karibu niiache nyumbani kwa sababu zilikuwa hazikutawanyika sawasawa. Hiyo ndiyo iliyokubali. Embe liliamka mdomoni kama vile limekatwa sasa hivi. Mwalimu alifumba macho.

"Hapa palipo na chumvi nyingi," alisema, "ndipo pazuri zaidi. Usiisawazishe."

Nilikuwa nimekosa usingizi siku mbili kwa ajili ya chumvi hiyo.

Aliponisindikiza barabarani alinipa chupa moja niifikishe kwa shangazi. Nikamshukuru. Nilitaka kumwambia kwamba nimefuta ile kumi na moja, lakini nilikuwa sijaifuta.

Kambu

Mtu mwenye akili akitoka Wote kwenda Mutomo anashukia Kibwezi na kukata kushoto. Kambu iko mbele zaidi kwenye barabara ya Mombasa. Nilipitiliza mpaka huko kwa sababu baba alikuwa akipitiliza. Nilitaka kusimama kwenye duka la chokoleti.

Duka sasa linauza betri za magari. Mwenye duka hakuwahi kusikia kwamba pamewahi kuuzwa chokoleti pale. Nilisimama mlangoni nikitazama rafu, na yeye akanitazama, mwisho akaniuliza kwa upole kama gari langu limezimika. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Jua la Kambu halina mchezo. Nilipofungua boksi barafu ilikuwa imekuwa maji na karatasi zimeanza kulegea. Chokoleti ikiyeyuka na kuganda yenyewe hutoka ukungu mweupe juu. Haidhuru mtu, lakini kwangu mimi ni kama kwenda ugenini na nguo zisizopigwa pasi. Gari la Mutomo niliambiwa limejaa, na lijalo halikuwa na saa. Nilikaa kwenye kivuli cha lori na boksi mapajani, nikilipepea kwa daftari.

Hapo ndipo Hassan aliponikuta. Ni mchuuzi wa mbuzi, familia yake ilitoka upande wa kaskazini mashariki zamani na sasa wanakaa Mutomo. Alikuwa ameuza mbuzi wake wote kwa wasafiri wa barabara kuu na pikapu yake ilikuwa tupu.

"Ndugu yangu, unapepea nini hapo? Kuku?"

Nilitazama kofia yake na ndevu zake zilizotiwa hina. Nilifikiria chupa ya Mwalimu iliyolala kati ya chokoleti zangu. Nikaona aibu ya ghafla, ile ile ya Alhamisi.

"Dawa," nilisema. "Ya shangazi yangu. Inataka baridi."

Uso wake ulibadilika pale pale.

"Shangazi wa wapi?"

"Mbele ya Mutomo kidogo."

"Na umekaa hapa chini? Simama! Ingia kwa gari! Subhanallah, mtu anaumwa na wewe unapepea!"

Barabara ya Mutomo

Hilo lilikuwa kosa la pili, na ndilo lililonipeleka mbio kuliko magari yote niliyowahi kupanda.

Tulirudi Kibwezi, tukakata, tukashuka kuelekea mto Athi. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Tulipita mahali pa nyama choma ambapo moshi ulikuwa umekaa juu ya barabara kama pazia, nikasema labda tusimame kidogo.

"Wewe unaweza kula na shangazi yako yuko hali hiyo?"

"Si mahututi sana."

"Kila mgonjwa ni hivyo anasema. Mpaka jioni."

Kwenye daraja kulikuwa na foleni. Ng'ombe walikuwa wamekataa kuvuka. Hassan alishuka, akazungumza na mchungaji, akionyesha boksi kwenye siti. Ng'ombe wakasukumwa pembeni. Mchungaji alinipungia mkono akasema, "Pole, atapona." Nilimpungia pia. Sikujua uso wangu niufanyeje.

Tulipofika Ikutha alienda mwenyewe kwa mwanamke anayeuza samaki, akarudi na mfuko wa barafu. Yule mama hakutaka hela, alisema Hassan, kwa vile ni ya mgonjwa. Akaanza kufungua boksi ili aipange.

"Niache mimi," nilisema. Nilimpokonya, kusema kweli.

Aliniacha. Alisimama kando huku nikipanga barafu yenye harufu ya samaki juu ya chokoleti zangu bora, na nikasikia akisoma dua kwa sauti ya chini. Alikuwa anamwombea shangazi Kalondu, kwa jina. Nilikuwa nimemtajia jina tulipokuwa Kibwezi.

Sikuweza zaidi ya hapo. Tulienda kilomita chache, nikamwambia asimame. Nilimwambia yote: hakuna mgonjwa, ni chokoleti, na kuna chupa ya mvinyo ndani, na nilidanganya kwa sababu niliogopa atanidharau.

Hassan alizima injini. Bati la nyuma lilikuwa likigonga kwa upepo.

"Mimi nimemwombea shangazi yako tangu Kibwezi," alisema. "Sasa hiyo dua nifanye nini nayo? Niirudishe?"

"Samahani, mzee wangu."

"Mzee wangu, mzee wangu. Njaa imenimaliza mimi pia! Nimepita nyama tatu kwa ajili yako!" Akapiga usukani, akaanza kucheka bila kutaka. "Umeogopa Hassan, hukuogopa kumtia shangazi ugonjwa?"

Aliniomba niiweke chupa nyuma, isikae karibu na thermosi yake, nikaiweka. Kisha tukakaa kwenye ukingo wa pikapu, akamimina chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki na moshi, na mimi nikafungua karatasi. Chokoleti nyeusi. Nilimwambia aiache iyeyuke kwanza. Alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, mkono mmoja juu ya goti, kisha akanywa chai.

"Hii," alisema baada ya muda, "usimpe mtu anayefanya haraka."

Nilijaribu mimi pia. Ule moshi wa chai ulinishtua, kwa kuwa ulitoka mbali na nilikuwa naujua. Nikamuuliza maziwa yamewekewa nini. Akaniambia si maziwa, ni chombo. Mkewe hukifukiza kwa kijiti kinachowaka kabla ya kutia maziwa. Niliandika hilo kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza sikuandika alama mbele yake. Sikujua bado ni kwa nini.

Kwa shangazi Kalondu

Alikuwa uani akipepeta mbaazi. Amepungua mwili tangu mazishi, lakini mgongo bado umenyooka. Hassan hakukubali kuondoka kabla hajamwona kwa macho yake.

"Mama, hujambo kabisa?"

"Sijambo. Kwani nani amekuambia nina jambo?"

"Hakuna. Alhamdulillahi." Akanitupia jicho moja, akapiga honi, akaenda.

Shangazi alinishika uso kwa mikono miwili yenye vumbi la mbaazi. Hakuniuliza kwa nini nimekaa miaka minne bila kuja. Aliniuliza kama nimekula, na niliposema sijala alinikasirikia kana kwamba nimefanya kusudi. Nilikula ugali na mboga za kunde na kuku aliyekuwa anatembea nilipofika. Chupa ya Mwalimu aliinusa, akaonja kidogo, akasema huyo mwalimu ana mkono, ila anaogopa.

Asubuhi yake ndiyo niliyokuwa naingoja. Uki ulikuwa umekaa karibu na jiko siku kadhaa, ndani ya mtungi, pamoja na vipande vikavu vya tunda la mwatine, lile refu kama soseji linaloning'inia. Hilo ndilo linalouchachusha. Shangazi alichuja, akajaza kibuyu, akamwaga matone machache chini kwa ajili ya ndugu yake. Akanipa.

Nilikuwa nimepanga chokoleti kwenye sahani, aina tatu. Nyeusi ilikuwa imetoka ukungu mweupe, na kingo zake zilinuka Ikutha. Nilisubiri kipande kiyeyuke, nikanywa. Nikameza.

Ulikuwa mvinyo bora kuliko yote niliyowahi kuonja. Mkavu, mzito, na asali ilikuwa imekwisha utamu ikabaki harufu tu, kama ua lililo chumba kingine. Na chokoleti iliukaribisha. Kama ningekuwa na kalamu mkononi ningeandika kumi na tisa.

Haikuwa yenyewe.

Nilionja tena. Nilijaribu na ile ya chumvi, na ile ya maziwa. Shangazi, aliyekuwa amerudi kwenye ungo wake, aliacha kupepeta.

"Unalia nini? Ni mbaya?"

"Ni nzuri sana, shangazi. Lakini siyo ile ya baba. Ile aliyokuwa akija nayo Jumamosi. Alikuwa ananichovyesha kidole."

Alisimama. Sijawahi kumwona mtu mzima akikasirika polepole namna ile.

"Wewe unasema ndugu yangu alikuwa anakupa uki? Wewe, mtoto?"

"Kidole kimoja tu."

"Kioko. Wewe pia ulidhani hivyo?"

Sikuelewa. Aliingia jikoni, akatoka na kitete. Nilikijua kwa ufa ulioshonwa shingoni. Kisha akanieleza, na nitawaandikia kama alivyosema, kwa sababu nimerudia maneno hayo kichwani mara nyingi.

Baba aliacha pombe kweli, mwaka ule ule aliomwahidi mama. Lakini kule Mutomo, kisima kikikamilika, wazee hukaa chini na uki unapita. Fundi hawezi kukataa. Kukataa uki wa wenye kisima ni kama kukitakia kikauke. Baba alikosa raha. Basi shangazi akampa kitete chake mwenyewe, ambacho zamani kilikuwa cha uki na hakikuacha kunuka uki, akakifukiza kwa kijiti cha moto, akajaza maji ya ukwaju na asali. Baba akawa anakaa na wenzake, anamwaga matone chini kama wao, anakunywa kama wao. Hakuna aliyejua. Kilichobaki alikwenda nacho nyumbani kwa sababu alikipenda.

"Ukwaju?" nilisema.

"Ukwaju! Wa mti ule pale! Unafikiri ningejaza pombe mtu anayekwenda kwa mke wake?"

"Kwa nini hakumwambia mama?"

"Nilimwambia, mwambie mkeo. Unajua alinijibu nini? 'Kalondu, ananusa kitete kila Jumamosi na hajawahi kuniuliza. Mwanamke wangu ananiamini.' Alikuwa anajivunia! Akasema, 'Siku akiuliza nitamwambia, lakini hataniuliza.'"

Aliketi tena, akavuta ungo karibu, lakini hakupepeta.

"Siku ya mazishi nilikijaza. Nilitaka mama yako aonje mbele ya watu wote. Hakuniacha nifike mlangoni. Na mimi nikifukuzwa, nimefukuzwa. Kichwa changu ni kile kile cha ndugu yangu."

Nilitazama daftari langu pale chini. Miaka minne, chupa baada ya chupa, nikizipa alama kwa kutofanana na maji ya ukwaju. Lakini si hilo lililonichoma. Mama aliamini kwamba baba ni mwongo, akaumia. Mimi niliamini kitu kile kile na nikampenda hivyo hivyo, na nikaiga. Lile sanduku, majani ya mwarobaini, uso wa kusoma: nilidhani ninarithi kitu chake.

Shangazi alilowesha ukwaju, akakamua, akatia asali. Akawasha kijiti, akakizungusha ndani ya kitete mpaka moshi ukatoka shingoni. Nilichovya kidole. Nina miaka ishirini na sita.

Ilikuwa yenyewe. Karibu. Kilichokosekana hakiko kwenye kitete.

Kurudi

Nilirudi kwa njia fupi. Shangazi aliniamsha mapema na kukijaza kitete akiniambia nisikae njiani, kwa sababu kwa jua hili ukwaju ukilala mpaka kesho utachacha na kuanza kupata mawazo yake. Aliniagiza jambo moja: "Mwambie anuse kwanza. Asidanganywe. Anuse, halafu anywe."

Mama alikuwa jikoni akichemsha mbaazi. Aliona kitete kabla hajaniona mimi. Alirudi nyuma hatua moja, mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Umekileta hapa."

"Ndiyo, mama."

"Kioko, nilisema nini?"

"Ulisema hakiingii. Shangazi ameomba unuse, halafu unywe. Halafu nitakitoa nje ukitaka."

Nilidhani atakimwaga. Alikichukua kwa mikono miwili, akanusa, na nikaona ule uso niliouona nikiwa mtoto. Harufu ya uki. Haijatoka na haitatoka. Kisha, kwa sababu ambayo sijamuuliza, akanywa.

Alibaki ameshikilia maji mdomoni. Akameza.

"Ni ukwaju," alisema.

"Ni ukwaju. Siku zote ulikuwa ukwaju."

Nilimweleza yote, nimesimama, bila kupamba. Nilipofika pale pa "mwanamke wangu ananiamini", alivuta kiti akakaa. Alifunika macho kwa upande wa leso. Alikaa hivyo mpaka maji ya mbaazi yakachemka yakamwagikia moto, na hakuna kati yetu aliyeyagusa.

"Niliogopa kuuliza," alisema mwishowe. "Niliogopa atasema ndiyo."

Kisha akasema, "Alikuwa anakupa na chokoleti, pale nje. Nilikuwa nawaona. Lete."

Nilikuwa na kipande kimoja kilichobaki. Kilikuwa kimeyeyuka mara tatu, kimepinda, cheupe kote, na harufu ya samaki ilikuwa haijaisha. Nilisema nitamtengenezea kingine kesho, kizuri. Alinyoosha mkono akangoja mpaka nikampa. Nilimwambia aiache iyeyuke kwanza. Tulitoka tukakaa kwenye ngazi ya nyuma, tukapokezana kitete kimyakimya, na kwa mara ya kwanza tangu baba azikwe nilimsikia akilitaja jina lake bila kuuliza swali.

Aliposimama kurudi ndani alisema, kama mtu anayekumbuka mbaazi zake, "Na zile chupa zako, sanduku lina kutu. Ziweke mahali pakavu. Nimechoka kuzipangusa."

Mmetaka kujua kilichobadilika. Bado naonja mvinyo, lakini mchana, na mama hujua. Yeye hanywi na hanisifii. Sitemi kitu cha mtu nyumbani kwake. Daftari halina tena safu ya alama, na Mwalimu Ndinda nilimwandikia kumwambia hivyo. Mama na shangazi huongea kwa simu Jumapili baada ya ibada, zaidi kuhusu mvua. Bado namtaka baba, na sasa najua ni yeye ninayemtaka. Kitete kinakaa kwenye rafu jikoni, karibu na chumvi, na mama ndiye anayekiosha.